Msaragambo wa Chekechea

Mwalimu Ernesta aliomba karatasi, Mungu akampa shuka.

Ndivyo alivyokuwa akisimulia mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti jikoni kabla ya kuwasha moto, akimweleza Mungu shida yake kwa utaratibu kama alivyozoea. Sikukuu ya Mavuno imekaribia. Kila kikundi cha usharika kitapeleka kitu madhabahuni. Watoto wa chekechea hawana shamba, hawana kuku, na wakiimba hakuna anayejua ni wimbo gani. Yeye anataka wachore picha moja kubwa, wote kwa pamoja, lakini karatasi hakuna, hata ya kufungia chumvi. Amina.

Alipofumbua macho, mama mkwe wake, Bibi Elinaza, alikuwa amesimama mlangoni akiegemea fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unaomba kwa kelele hivyo? Nani kakwambia Mungu ni kiziwi?"

"Nisamehe, mama. Nilidhani umelala."

"Nimesikia yote. Unataka shuka."

"Nilisema karatasi, mama."

"Karatasi hamna. Shuka lipo."

Ernesta alijua ni shuka gani. Lilikuwa shuka la kitambaa cha marekani, jeupe, zito, ambalo Bibi Elinaza alilitunza sandukuni pamoja na majani makavu ya mvumbasi ili wadudu wasiliguse. Alilipata miaka ya shida kubwa, siku ambayo duka la kijiji lilipata mgawo wa nguo, na foleni ilianza kabla jogoo hawajawika. Hakulilalia hata siku moja. Alikuwa akilitunza kwa ajili ya kuzikwa nalo. Dada yake alifariki mwaka ambao duka halikuwa na hata uzi, akazikwa katika khanga kuukuu ya kuazima. Bibi Elinaza hakuogopa kufa. Aliwahi kumwambia mchungaji kwamba jambo hilo alikwisha kulizungumza na Mwokozi wake. Aliogopa kwenda kama dada yake.

"Mama, hilo ni shuka lako la safari," Ernesta alisema.

"Mwezi huu sina safari. Chukua. Watoto watachora kwa udongo, sivyo? Udongo unatoka. Mavuno yakipita utalifua, utanirudishia jeupe kama lilivyo."

"Nitakurudishia jeupe, mama. Nakuahidi mbele za Mungu."

"Mungu ana mambo mengi. Niahidi mimi."

Ernesta akamwahidi.

Chekechea ilikuwa katika ghala la zamani la kahawa, chini kidogo ya kanisa, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona bonde lote mpaka mashamba ya mpunga ya Kihurio yanayong'aa kule tambarare. Mbao za ghala zilinukia kahawa bado, ingawa kahawa yenyewe ilikuwa imepungua sana. Ernesta hakusomea ualimu. Alijifunza kusoma akiwa mama mwenye watoto, katika darasa la jioni la watu wazima, kwa taa ya chemli. Siku aliposoma mstari wa kwanza wa Zaburi bila kusaidiwa, alilia mpaka mwalimu wake akafunga kitabu. Ndiyo sababu usharika ulipotafuta mtu wa kukaa na watoto wadogo, yeye alinyanyua mkono. Aliona amelipwa mapema, imebaki kufanya kazi.

Mwaka huo tulikuwa tumeanza kusikia neno ruksa, kwamba biashara sasa imefunguliwa. Watu waliotoka Same walisimulia kwamba maduka yameanza kujaa tena, sabuni ipo, mafuta yapo, vitenge vimening'inizwa hadi barazani. Maduka ndiyo yaliyojaa, mifuko yetu bado. Rangi za dukani hakuna aliyeziwazia.

Ernesta alitandika shuka sakafuni, akawakalisha watoto pembeni yake.

"Tutachora picha moja," alisema. "Si yako, si yangu. Ni yetu sote. Tuchore nini?"

"Ng'ombe!"

"Gari la Chande la kubebea ndizi!"

"Mimi!" alisema Novatus, mtoto mnene wa mzee anayesimamia maji ya kijiji.

Ubishi ulikuwa mkubwa. Mwishowe Careen, binti mdogo asiyependa kusema sana, alisema, "Ndiva." Ubishi ukaisha, kwa kuwa kila mmoja aliiona. Ndiva ni bwawa letu la juu, ambalo wazee wa zamani walilizungushia ukingo wa mawe na udongo. Maji ya kijito hujaa humo usiku, asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi kwenye mashamba, kila ukoo kwa zamu yake. Bila ndiva, hayo mavuno yenyewe yasingekuwepo.

"Ndiva inatengenezwaje?" Ernesta aliuliza.

"Kwa msaragambo!" walijibu kwa pamoja.

Huko kwetu hata mtoto anayenyonya anajua msaragambo. Pembe ikipigwa jioni kutoka kilimani, kesho yake kila nyumba inatoa mtu na jembe, kazi ya wote inafanywa na wote. Asiyekuja analipa faini, hata awe nani.

"Basi na sisi tutafanya msaragambo," Ernesta alisema. "Kesho kila mmoja aje na rangi kutoka kwao."

Novatus alikimbia kukata bua la jani la boga, akalitoboa, akalipuliza. Lilitoa mlio kama wa ndama mwenye njaa. Alipuliza njia nzima hadi kwao, na jioni ile watu wazima wawili watatu walitoka nje na majembe kuuliza kazi ni wapi.

Kesho yake rangi zilikuja. Udongo mwekundu wa barabarani, udongo mweupe wa kupakia nyumba, masizi ya chungu, majivu, majani ya maboga yaliyotwangwa, manjano iliyoibwa jikoni kwa mama fulani. Mtoto mmoja alileta kinyesi cha ng'ombe, akaambiwa rangi ni nzuri lakini kanisani haiingii. Careen alikuja na kopo lililojaa kitu kama maji. Ernesta alidhani ni maji, akamwambia ayaweke kando, maana ya kukorogea udongo alikwisha kuchota.

Walianza na ndiva katikati. Kisha kila mtoto alichora nyumba yao pembezoni, na mfereji wa kutoka kwenye ndiva hadi kwao. Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Mwalimu! Novatus anaiba maji!"

Ilikuwa kweli. Mfereji wa Novatus ulikuwa mpana kama barabara ya lami ya kwenda Tanga, umekata mifereji ya wenzake mitatu.

"Baba yangu ndiye mwenye ufunguo wa maji," Novatus alijitetea.

"Ufunguo ni wa kufungulia, si wa kunywea!" alisema mtoto mmoja, na kila mtu alijua maneno hayo ameyatoa kwa baba yake.

Ernesta alitaka kuingilia, akajizuia. Akaomba moyoni: Bwana, nizuie mdomo. Watoto wakabishana, wakasukumana kidogo, halafu wakaketi kando, wakafanya kikao kama walivyoona wazazi wakifanya. Uamuzi ukatoka: mfereji wa Novatus hauwezi kufutwa kwa kuwa umeshachorwa, basi uwe mfereji mkuu, na wote wapate maji yao kutoka humo. Novatus akafurahi kuwa mkubwa, wenzake wakafurahi kupata maji. Ernesta aligeukia ukutani ili wasimwone anacheka.

"Sasa maji tuyape rangi gani?" aliuliza. "Buluu hatuna."

Watoto walimshangaa.

"Mwalimu, maji ya ndiva si ya buluu," alisema Careen. "Ni ya udongo." Akachovya vidole katika kopo lake, akapaka ndiva, akapaka mifereji yote, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Shuka lililowa tu. Ernesta alidhani mtoto anacheza kwa maji, na maji hayadhuru kitu.

Mwisho ilibaki hesabu ya waliohudhuria. Kwenye msaragambo majina huitwa, na watoto hawakujua kuandika. Wakaamua kila aliyekuja aweke kiganja chake kando ya ndiva. Walichovya viganja katika kopo la Careen, wakavibandika kwenye shuka, wakapiga makofi, wakaimba, wakaenda kunywa uji.

Asubuhi ya pili Ernesta alifungua ghala, akasimama.

Maji yalikuwa yametokea. Ndiva ilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, inang'aa, na mifereji ilikuwa imetiririka hadi kila nyumba. Kando yake viganja vidogo vilijipanga, kila kidole wazi. Ilikuwa picha nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kuona katika chumba kile. Watoto walipofika, akamwita Careen.

"Careen," alisema pole pole, "yale maji uliyatoa wapi?"

"Kwenye mgomba. Baba alikata mgomba wa kulishia ng'ombe, ukalia. Nikakinga."

"Utomvu?"

"Ndiyo. Mama anasema ukiingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo ichakae. Nikasema tuweke ili mvua ikinyesha maji yetu yasiondoke."

Hakuna mwanamke wa milimani asiyeujua utomvu wa mgomba. Ukiwa mbichi ni kama maji, ukikauka ni doa la maisha. Hata hivyo Ernesta alisubiri watoto waondoke, akachukua sehemu ndogo ya shuka kando ya ndiva, akaifua kwa kipande cha sabuni alichokuwa akikitunzia Krismasi. Udongo mwekundu ulitoka. Masizi yalififia. Kiganja cha mtoto kilibaki palepale, kimeng'aa zaidi.

Akapiga magoti kando ya ndoo. "Baba," aliomba, safari hii kwa sauti ndogo sana, "niliahidi jeupe. Nimpe nini sasa yule mama? Nionyeshe."

Jioni, Bibi Elinaza alimuuliza, "Shuka langu halijambo?"

"Halijambo, mama."

"Limechafuka sana?"

"Limechafuka, mama."

"Vizuri. Nguo isiyochafuka haijafanya kazi." Akaendelea kuchambua maharage.

Ernesta akachutama kumsaidia. Akajiambia atasema baada ya sikukuu.

Jumapili ya Mavuno kanisa lilijaa hadi nje. Mikungu ya ndizi ilipangwa mbele ya madhabahu, mingine imekatwa alfajiri hiyo na bado inadondosha. Kulikuwa na miwa, mahindi, tangawizi, mayai ndani ya vikapu, kuku waliofungwa miguu wakijibu mahubiri. Watoto wa chekechea waliingia wamelishika shuka pande zote, limetanuka, wanatembea kama wanaobeba chungu cha uji wa moto. Waumini walisimama. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Ndiva yetu ile!" Mwanamke mmoja akaanza kutafuta nyumba yake, akaipata, akapiga kigelegele.

Ernesta alikuwa amewapanga watoto hivi: mtasimama mbele, mtawaonyesha watu, mtageuka, mtarudi nalo. Walisimama. Waliwaonyesha watu. Kisha wakalitandika juu ya mikungu ya ndizi, wakarudi mikono mitupu.

"Shuka!" Ernesta alinong'ona. "Novatus, rudi na shuka!"

Novatus alimtazama kwa mshangao. "Tumeshampa Mungu, mwalimu. Ulisema tukimpa Mungu kitu hatumnyang'anyi."

Alikuwa amesema. Alisema wiki ile ile, kuhusu ndizi mbivu.

Na kila Mpare Mkristo anajua, kitu kilichowekwa madhabahuni siku ya mavuno hakirudi nyumbani. Ibada ikiisha hupelekwa uwanjani, kikapigwa mnada kwa kazi ya kanisa. Katika kushughulika na kila jambo, hilo ndilo Ernesta hakuliwaza. Aliimba wimbo wa mwisho akiwa hasikii sauti yake.

Mwinjilisti Eliamini ndiye aliyekuwa dalali. Mimbarani alikuwa mpole, lakini mnadani alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliuza mikungu, akauza miwa, akamuuza kuku mmoja mara mbili kwa sababu mnunuzi wa kwanza alimrudisha awe sadaka tena. Halafu akanyanyua shuka.

"Haya! Ndiva hii haikauki hata kiangazi! Nani anaanza?"

"Jogoo wangu!" alijibu Bibi Elinaza kutoka kwenye kiti chake.

Watu walicheka. Jogoo yule alijulikana. Aliwahi kuwafukuza wanakwaya hadi ndani ya sakristia.

"Bibi, huyo kanisa litamfunga kwa mnyororo!" alisema Mwinjilisti. "Jogoo mkali mara ya kwanza! Nani anaongeza?"

"Mimi," alisema Chande.

Chande alikuwa mfanyabiashara wa Same. Hakuwa wa dini yetu, lakini alikuja na gari lake kila mnada wa mavuno kununua ndizi na tangawizi, na hakuna aliyefungua mnada kabla hajafika. Alisogea, akaitazama picha kwa muda mrefu, akaangalia viganja.

"Nimefungua duka jipya stendi," alisema. "Hii nitaitundika mlangoni. Mji mzima utasimama. Bibi, shikamoo."

"Marahaba, Chande."

"Tusishindane, bibi yangu. Niachie hii. Nina shuka jipya garini, jeupe, halijafunguliwa hata karatasi yake. Nitakupa wewe mkononi, na kanisa nalo nitalitolea sadaka yake."

Ernesta alishika mikono yake pamoja. Shuka jipya! Jeupe! Ndiyo majibu ya sala yake, yamekuja kwa gari kutoka Same. Asante, Bwana, alisema moyoni. Asante, asante.

Bibi Elinaza aliliangalia shuka, kisha akamgeukia.

"Chande," alisema mwishowe, "hili shuka wewe utalitundika tu. Mimi nina pa kwenda nalo."

Kila mtu uwanjani alielewa anachosema. Chande alivua kofia yake.

"Basi, bibi. Siwezi kushindana na msafiri."

"Mara ya tatu!" Mwinjilisti alipiga makofi. "Limekwenda kwa jogoo! Na anayemkamata jogoo aombewe!"

Kicheko kilipanda hadi makaburini. Lakini Ernesta hakucheka. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama mkwe wake, machozi yanamtoka.

"Mama, sikukwambia. Halitatakata. Ni utomvu wa mgomba. Niliahidi nitakurudishia jeupe, na haliwezi tena. Chukua shuka la Chande, mama. Uende unavyostahili."

Bibi Elinaza alimtazama, kisha akaangua kicheko kisicho na meno.

"Ernesta mwanangu. Nimekata migomba tangu kabla hujazaliwa. Liliponipita pale kanisani, unadhani sikuujua utomvu?" Alilivuta shuka magotini. "Dada yangu alikwenda peke yake katika nguo ya mtu. Hawa niwahesabu ni wangapi waliojitolea kunisindikiza? Nikifika huko, hata nikisahau jina langu watajua nimetoka kijiji gani. Simama. Unanilowesha."

Ernesta akasimama. Watoto walikuwa wameshamzunguka bibi, kila mmoja anamwonyesha kiganja chake.

"Huyu mimi!"

"Huyu mimi, kidole kimepinda kwa sababu Novatus alinisukuma!"

"Na mimi niko wapi?" bibi aliuliza.

Novatus, mtoto wa mzee wa maji, alikohoa kama baba yake. "Bibi, hukuja msaragambo."

"Ala! Kwa hiyo?"

"Unalipa faini."

"Novatus!" Ernesta alisema.

"Mwache. Sheria ni sheria. Faini yangu ni nini, mzee?"

Walifanya kikao cha haraka. "Miwa," walisema. "Ya wote."

"Nitalipa. Mwinjilisti, lete panga lako."

Mwinjilisti akaleta panga la kukatia miwa. Mkungu mmoja alioununua Chande ulikuwa karibu, mbichi kabisa. Bibi akamwelekeza akate kikonyo chake, utomvu ukachuruzika kama machozi, akaukinga kiganjani, akausugua kwa kidole gumba mpaka kwenye makunyanzi. Kisha Careen akamwonyesha nafasi iliyobaki kando ya ndiva, na bibi akabandika mkono wake hapo, akaukandamiza kwa nguvu.

Aliponyanyua, hapakuwa na kitu, ila unyevu kidogo.

"Haujatoka," watoto walilalamika.

"Subirini mpaka kesho," alisema bibi. "Kalitundikeni hukohuko darasani. Mkae nalo. Nitakapolihitaji nitatuma mtu, na sina haraka."

Miwa ikamenywa hapo hapo uwanjani, Chande naye akapewa kipande, akakitafuna ameegemea gari lake akiwa bado anaiangalia picha.

Jumatatu pembe ya bua la boga ililia mapema kuliko kawaida. Ernesta alipofika na ufunguo, watoto walikuwa wamesongamana mlangoni. Alifungua. Wakakimbilia ukutani lilipotundikwa shuka, wakautafuta mkono wa bibi.

Ulikuwepo. Mkono mkubwa wa kahawia, wenye vifundo na mistari mingi kama mifereji ya kijiji kizima, umekaa katikati ya mikono midogo.

"Amehudhuria," alisema Novatus.

Ernesta alitaka kuanza sala ya asubuhi kama kila siku, lakini asubuhi hiyo hakuwa na la kuomba. Akasema Amina tu. Watoto wakaitikia, wakaenda kutafuta makopo yao.